Maswali na Majibu: Niunde Kompyuta au Ninunue Iliyo Tayari?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 26, ninaishi Mwanza, na kazi yangu ni kurekodi na kuhariri video za harusi, sendofu na vipaimara. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikitumia kompyuta mpakato ya kaka yangu, ambayo sasa hupata joto kiasi cha kujizima katikati ya kazi. Nimeweka akiba ya shilingi 1,800,000. Rafiki yangu anayependa michezo ya kompyuta anasisitiza niunde mashine yangu mwenyewe kwa kununua kifaa kimoja kimoja, akidai kwamba nitaokoa fedha nyingi. Mjomba wangu, ambaye ni mhasibu, anasema mtu mwenye akili hununua mashine iliyo tayari, yenye dhamana, akaenda kufanya kazi. Mimi sijawahi hata kufungua kasha la kompyuta. Nimsikilize nani?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba, kijana. Rafiki yako na mjomba wako wote wana hoja, ila kila mmoja amelijibu swali lako kwa kuitazama shughuli yake mwenyewe: mmoja anacheza, mwingine anajumlisha hesabu, na wewe una maharusi wanaotaka video yao kabla fungate haijaisha. Nitaanza na hilo dai la kuokoa fedha, kwa sababu ndilo linalowavuta vijana wengi, kisha nije kwenye kazi yako.

Anayeunda kompyuta huunganisha tu vifaa ambavyo viwanda mbalimbali vimevitengeneza kwa vipimo vinavyokubaliana. Mlango huo ulifunguliwa na IBM mwezi Agosti 1981, ilipotoa kompyuta yake ya binafsi kwa kutumia prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel na mfumo endeshi wa Microsoft badala ya kutengeneza kila kitu yenyewe. Mwaka 1995 Intel ilitangaza vipimo vya ATX, na ndivyo vinavyofanya matundu ya skrubu ya mazabodi (bodi kuu inayobeba vifaa vingine) ya kampuni moja yalingane na kasha la kampuni nyingine. Kwa hiyo kazi yenyewe ya kuunganisha ni ya saa mbili tatu, kwa bisibisi moja na mkono uliotulia, na kutowahi kufungua kasha kusikutishe. Ugumu uko katika kuchagua vifaa kabla ya kununua, na katika kujua pa kwenda pale kimoja kitakapogoma.

Sasa bei. Huko Marekani na Ulaya, ambako rafiki yako hutazama video zake za mafunzo, vifaa huuzwa kwa wingi na maduka yanayoshindana, na mnunuzi aliyepata kifaa kibovu hukirudisha bila maneno mengi. Kwetu muuzaji wa Kariakoo huagiza mazabodi chache kutoka Dubai au China, analipa usafiri na kodi, anaweka faida yake, kisha wewe wa Mwanza unaongeza nauli ya kifurushi kwenye basi. Ukinunua vifaa saba kwa wauzaji watano, umelipa faida tano. Kompyuta kamili ya ofisini, kwa upande mwingine, kiwanda kimenunua vifaa vyake kwa maelfu na kwa mkataba wa muda mrefu. Ndiyo maana ile akiba inayosifiwa mara nyingi hukonda kabla haijafika ziwani.

Tangu mwishoni mwa mwaka 2025 limezuka pia jambo jingine. Watengenezaji wa chipu za kumbukumbu wameelekeza sehemu kubwa ya uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili bandia, na bei ya RAM, yaani kumbukumbu ambayo kompyuta huitumia ikiwa kazini, imepanda kwa kasi. Mwezi Desemba 2025 kampuni ya Micron ilitangaza kwamba itaacha kuwauzia watumiaji wa kawaida bidhaa zenye jina la Crucial, jina ambalo mafundi wengi walilizoea. Anayenunua RAM kipande kimoja dukani huonja kupanda huko mapema kuliko anayenunua kompyuta iliyokuwa imekwisha kutoka kiwandani. Usishangae ukiambiwa bei mbili tofauti katika mwezi mmoja na muuzaji yuleyule, wala usimwite mwizi kwa sababu hiyo peke yake.

Ukisimamia bei tu, basi, mjomba anashinda. Kuhariri video ndiko kunakoibadilisha hesabu. Mashine ya dukani inayoingia ndani ya bajeti yako huwa imejengwa kwa ajili ya karani: ina prosesa nzuri ya kutosha, RAM ya gigabaiti 8, na kasha jembamba lisilo na nafasi ya kuongeza chochote. Nyingi za mashine hizo, hasa za Dell na HP, hutumia pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya mashine) ya umbo lao wenyewe, yenye wati 200 na ushei tu, na plagi isiyolingana na zile za sokoni. Baada ya mwaka mmoja, utakapotaka kuweka kadi ya picha, yaani kifaa cha pekee cha kuchakata picha na video, utakuta kadi kubwa haiingii kwenye kasha, na hata ikiingia haina mahali pa kuchotea umeme. Utabaki na kadi ndogo zinazoishi kwa umeme wa soketi yenyewe, ambao kikomo chake ni wati 75. Zipo, ila huwa unaulipia udogo wao.

Mhariri wa video hutajirika polepole na mashine yake hukua naye: mwaka huu harusi za picha ya kawaida, mwakani mteja anataka 4K, ile picha kali zaidi. Kwa sababu hiyo mimi nakushauri uunde, kwa mpango wa kuanza na kiini kizuri na kuacha nafasi. Chagua prosesa yenye viini sita iliyo na sehemu ya picha ndani yake, mfano Intel Core i5-12400. Tafadhali soma jina hilo mpaka mwisho. Kuna ndugu yake anayeitwa 12400F, ambaye huwa nafuu kidogo, na herufi F hiyo maana yake ni kwamba hana sehemu ya picha. Ukiinunua bila kadi, utaunganisha kila kitu vizuri, feni zitazunguka, na skrini itabaki nyeusi. Nimeletewa mashine tatu za namna hiyo, zote zikiwa nzima kabisa. Kwa mhariri hasara ni kubwa zaidi, kwa kuwa sehemu hiyo ya picha ndiyo inayobeba Quick Sync, chombo cha Intel kinachofungua na kufunga mafaili ya video ya H.264 na H.265 yanayotoka kwenye kamera yako, na kuipunguzia prosesa mzigo mzito. Upande wa AMD, mshindani wa Intel, tahadhari ni kinyume kidogo: Ryzen 5 5600G ina picha, Ryzen 5 5600 haina.

RAM iwe gigabaiti 16 katika vipande viwili vya 8 na si kimoja cha 16, kwa maana sehemu ya picha iliyo ndani ya prosesa hukopa RAM ya mashine, na vipande viwili huipa njia mbili za kupitishia data. Tafuta mazabodi yenye nafasi nne za RAM, ili mbili zibaki zikisubiri bei ishuke au kazi iongezeke. Hakikisha mazabodi na RAM ni za kizazi kimoja. DDR4 na DDR5 zina pengo mahali tofauti na moja haiingii kwenye nafasi ya nyingine, hata ukiisukuma kwa hasira. Kazi unayoihariri ikae kwenye SSD, diski ya kasi isiyozunguka. Harusi zilizokwisha kukabidhiwa zinaweza kuhamia kwenye diski ya kawaida ya kuzunguka, ambayo hukupa nafasi kubwa kwa fedha kidogo. Kadi ya picha iache kwanza. Ukizoea programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve utaitamani mapema, kwa kuwa programu hiyo huitegemea kadi kwa kazi nyingi, lakini inunue kwa fedha za harusi za msimu ujao.

Kwenye pawa saplai sitaki ubane matumizi, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Sokoni zipo zilizoandikwa wati 500 ambazo ukizipima kwa mkono ni nyepesi kama kopo tupu, na wepesi huo ni dalili kwamba ndani hamna koili na kapasita za kutosha. Nunua yenye alama ya 80 PLUS, ya kutopoteza umeme mwingi, na yenye kibandiko kinachosema inakubali volti 100 hadi 240, si 200 hadi 240. Umeme wetu hutakiwa kuwa volti 230, lakini kila anayeishi kwenye mtaa ambao taa hufifia jirani anapowasha mashine ya kusaga anajua kwamba hautulii hapo. Pawa saplai ya mkono mpana huvumilia umeme unaposhuka. Ya mkono mfupi hujizima na kuondoka na saa mbili za kazi yako. Hata hivyo, hata ya mkono mpana haivumilii umeme kukatika, kwa hiyo tenga fedha za UPS (betri ya akiba ya kuishikilia mashine) ndani ya hizo 1,800,000, usiiweke kwenye orodha ya baadaye ambayo hatuifikii.

Nirudi kwa mjomba, kwani kuna jambo alilolisema ambalo rafiki yako hakulijibu. Mashine ya dukani ikigoma, unaibeba nzima na kuiweka juu ya kaunta, na aliyekuuzia hana wa kumsingizia. Mashine uliyoiunda ikigoma, muuzaji wa RAM atasema tatizo ni mazabodi, wa mazabodi atasema ni pawa saplai, na wewe utakuwa unatuma vifurushi Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,100, katikati ya msimu wa harusi. Dawa yake ni kununua vifaa vyote kwenye duka moja, hata kama viwili vingepatikana kwa bei ya chini jirani, na kulitaka duka hilo liviunganishe mbele yako. Washa mashine hapohapo. Endesha kipimo cha RAM cha MemTest86 usiku mzima, na siku ya pili hariri kipande cha harusi halisi kwa saa kadhaa kabla hujapanda basi. Namba za utambulisho za vifaa ziandikwe pamoja na risiti ya EFD, na muda wa dhamana uandikwe kwa kila kifaa, kwani neno la mdomo kwamba dhamana ni mwaka mmoja huwa halikumbukwi na aliyelisema.

Wakikwambia kwamba mazabodi imekaa dukani muda mrefu, uliza kama BIOS yake (programu ya ndani inayoiamsha mashine) imeboreshwa kuitambua prosesa unayoinunua. Mazabodi za AMD za B450, kwa mfano, zilitoka mwaka 2018, na Ryzen za mfululizo wa 5000 zilianza kutoka mwaka 2020. Ukivikutanisha bila kuboresha BIOS, havifahamiani. Na kama hakuna duka moja unaloliamini litakalokubali masharti hayo, badilisha uamuzi bila kuona haya: nunua mashine iliyo tayari yenye kasha kubwa na pawa saplai ya kawaida ya ATX, umwonyeshe mjomba risiti.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mama mwenye duka la steshenari Tanga. Tunachapa barua, tunatoa nakala, na tunawajazia vijana maombi ya mikopo ya elimu ya juu na ya ajira kwenye mtandao. Nahitaji kompyuta nne za mezani. Mfanyabiashara mmoja ananiuzia zilizotumika Uingereza, Core i5, kwa shilingi 250,000 kila moja. Mwanangu anasema nimpe fedha hizohizo aunde mpya. Nifanyeje?
Mama wa Steshenari, Tanga

JIBU: Mama, mwanao ana moyo mzuri, lakini kwa kazi yako asiunde. Kuchapa na kujaza fomu ni kazi nyepesi ambayo mashine za ofisini zilizotumika huifanya kwa miaka bila kulalamika, na kwa 250,000 hapati mazabodi na prosesa mpya, sembuse kasha, diski na RAM. Tena duka lenye mashine nne za aina moja lina faida ambayo wengi hawaihesabu: moja ikifa kabisa, inageuka ghala la vipuri vya zile tatu.

Ninachotaka uchunguze ni hilo neno Core i5, ambalo peke yake halisemi lolote. Ziko i5 za mwaka 2010 na ziko za juzi. Mwambie mwanao aisome namba inayofuata: i5-4570 ni ya kizazi cha nne, i5-6500 ni ya sita, i5-8500 ni ya nane, i5-10500 ni ya kumi. Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ikiwaachia watumiaji wa kawaida waliojiandikisha nyongeza ya mwaka mmoja tu ya ulinzi, na Windows 11 hairuhusu rasmi prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane, isipokuwa chache sana, wala mashine isiyo na TPM 2.0, chipu ya usalama. Inaelekea kwamba kampuni na ofisi nyingi za Ulaya zinaziondoa mashine za kizazi cha nne hadi cha saba kwa sababu hiyohiyo, na zinapaswa kwenda mahali. Bei ya 250,000 inanifanya nidhani umepangiwa hizo.

Fundi atakwambia kwamba Windows 11 inaweza kuingizwa kwa ujanja kwenye mashine ya zamani, na hasemi uongo. Lakini wewe unashika namba za vitambulisho, vyeti na nywila za watoto wa watu, na mashine iliyoingizwa kwa mlango wa nyuma haina uhakika wa kupata maboresho ya ulinzi. Kama ningekuwa mimi, ningenunua tatu za kizazi cha nane badala ya nne za kizazi cha nne, nikaongeza ya nne biashara ikichanganya. Kama fedha haziruhusu kabisa, zile za zamani zinaweza kuwekewa Linux, mfumo endeshi wa bure, na kutumika kwa fomu za mtandaoni, ila hakikisha kwanza printa yako inakubali kufanya kazi nayo. Nimeona printa nzuri zikisusa.

Siku ya kununua, washa kila moja. Ingia kwenye BIOS: ikidai neno la siri ambalo muuzaji halijui, iache, kwani kampuni iliyokuwa ikiitumia haikuifungua na kuifungua huku ni kazi ya gharama. Tazama saa ya mashine. Ikiwa imerudi nyuma miaka kadhaa, betri ndogo ya CR2032 imekwisha, nalo si kosa la kuikataa mashine bali la kupunguziwa bei, maana betri hiyo ni rahisi. Diski ikiwa ni ile ya kuzunguka, badilisha iwe SSD kabla ya kufikiria jambo jingine lolote, kwa sababu hiyo ndiyo tofauti ambayo wateja wako wataiona wakiwa wamesimama kwenye foleni. Na kwa kuwa uko Tanga, usiziweke sakafuni wala karibu na dirisha la upande wa bahari. Vumbi hupulizwa likatoka, ila chumvi ikishashika kwenye mazabodi haitoki.

SWALI: Habari Mwalimu. Nipo Nairobi. Shemeji yangu anakuja kutoka Texas mwezi ujao na amekubali kunibebea vifaa vya kuunda kompyuta, kwa sababu huko ni rahisi kuliko maduka yetu ya Luthuli Avenue. Nimwagize nini?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Mwagize vidogo vyenye thamani: prosesa, RAM, SSD, na kadi ya picha kama anakubali kuibeba kwenye mzigo wa mkononi. Kasha na pawa saplai nunua Nairobi. Kasha ni bati na hewa, halistahili nafasi kwenye sanduku la msafiri, na pawa saplai ndiyo kifaa ambacho utataka kukirudisha dukani siku hiyohiyo kikikosea. Marekani hutumia volti 120. Pawa saplai nyingi za kisasa hujirekebisha zenyewe, lakini za zamani zina swichi ndogo nyekundu nyuma, ya 115 na 230. Mwaka 2006 mimi mwenyewe niliichomeka moja kwenye umeme wetu swichi ikiwa upande wa 115. Mlio ule niliusikia, moshi ule niliuona, na mwenye kompyuta alikuwa amesimama nyuma yangu.

Kumbuka pia kwamba dhamana ya vifaa hivyo itabaki Texas. Prosesa hufa mara chache mno, kwa hiyo kwayo usiwe na wasiwasi. Kadi ya picha ni bahati nasibu zaidi. Mwombe shemeji aitunze risiti yake, na umpigie hesabu yote kabla hujamtumia fedha: bei ya huko, kodi ya mauzo ya Texas, na kile utakachotozwa uwanja wa ndege. Kwa kadi moja ghali tofauti inaweza kubaki kubwa. Kwa RAM, kwa bei za sasa, fungua tovuti ya duka la huko na ulinganishe siku hiyohiyo na unayoambiwa Luthuli Avenue. Wasomaji wawili wamenipa hesabu zao mwezi huu, na mmoja wao angepata nafuu kununua Nairobi.